Marehemu wa Jirani

Kabla watalii hawajashuka garini, Ruairí Lydon alimvua baba yake jezi.

Haikuwa chafu. Ilikuwa jezi ya timu ya Galway, nyeupe na rangi ya damu ya mzee, imefuliwa asubuhi hiyo hiyo. Lakini Ruairí aliishika kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa panya kisimani, akamtupia mzee sweta nene ya sufu iliyotoka duka la watalii kule Clifden.

"Baba, hawa hawakupanda ndege kuja kutazama jezi."

"Hii inawasha," akasema Festy.

"Inawasha, ndiyo. Urithi ndio huo."

Bairbre, mke wa Festy na mama wa huyu mjuzi wa urithi, alikuwa ameshamaliza sehemu yake. Televisheni alikuwa ameifunika shuka. Birika la umeme alikuwa amelificha kabatini baada ya kuchemshia maji, kisha maji akayamimina kwenye chungu kilichoning'inia juu ya moto wa mboji, udongo wa kinamasi uliokaushwa, ili yaonekane yamechemkia pale. Mabegani alijitanda mtandio wa marehemu mama mkwe wake, mwanamke ambaye enzi za uhai wake hakuupenda mtandio ule na aliuvaa msibani tu.

Watu wanane wakaingia. Wanane tu, wala hawazidi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa ya biashara ya Ruairí, na aliiandika ubavuni mwa basi lake dogo kwa herufi za kujikunjakunja: Nyayo za Waselti, kikundi kidogo, moyo mmoja. Mama mmoja mwenye koti la mvua la rangi ya limau alifunua chungu bila kuuliza, akachungulia.

"Mnapika hivi kila siku?"

"Jumamosi tu," akajibu Bairbre, na hakusema uongo.

Kisha Ruairí akamwomba baba yake aseme neno kwa lugha ya mababu. Festy aliwatazama wageni, akaitazama sweta, akasema kwa Kiayalandi safi, taratibu, "Ng'ombe wangu mwekundu anaharisha tangu Alhamisi, na huyu mnene kanikalia kiti changu."

Wageni wakashusha pumzi. Mwanamume mwenye ndevu za mvi alifumba macho akasema ni kama sala.

"Anasema karibuni," akatafsiri Ruairí, "na moto wa nyumba hii usizimike kamwe."

Baada ya chai na mkate wa magadi aliwateremsha mpaka shamba la chini, kwenye gofu la nyumba isiyo na paa, mahali ambapo ziara ilifikia kilele chake. Bairbre hakuwa amewahi kufuatana nao huko. Alibaki kuosha vikombe, akamrudishia mumewe jezi yake.

*

Jumatatu Sabina Mulkerrin akaja, akaingia kwa mlango wa nyuma kama ilivyo desturi ya jirani. Alikuwa na miaka sabini na minne, hakuwahi kuolewa, na nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka lile gofu. Hakuketi. Aliweka simu mezani kati ya siagi na gazeti.

"Mpwa wangu wa Boston kanitumia. Hebu tazama, miwani ninayo ukiitaka."

Katika ile video Ruairí alikuwa amesimama mlangoni pa gofu, kofia kaiweka kifuani. "Humu ndani," akasema, na sauti ikamtetemeka mahali panapofaa, "bibi mzaa babu wa babu yangu, Onóra, alikufa kwa Njaa Kubwa, viazi vilipooza nchi nzima. Walimkuta na nyasi mdomoni, watoto wake watatu ubavuni. Na mwenye ardhi alipotuma watu kuja kubomoa paa, ndugu zangu, hapakuwa na wa kuwazuia." Hapo akainamisha kichwa. Kulisikika mtu akipenga kamasi.

"Analia vizuri," akasema Sabina. "Hata mie nimelia. Nilikuwa nikidhani ni sisi tuliofiwa."

Bairbre alishika ukingo wa meza. Kule kilimani kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Onóra alikuwa Mulkerrin. Mtoto wake wa nne ndiye aliyesalia, kwa kuwa siku ile alikuwa ufukweni akiokota kombe, na kwa huyo ndiko alikotoka Sabina. Babu mmoja wa kina Lydon alikuwamo pia katika habari hiyo, lakini yeye alikuwa juu ya paa, na mtaimbo mkononi. Kazi ilipokwisha alipewa shamba. Bairbre alipokuwa na mwaka wa tatu wa ndoa, wakikamua ng'ombe, mama mkwe alimnong'oneza yote kwa pumzi moja, akamalizia, "Usiwaombe Mulkerrin kitu. Na wao wakiomba, toa." Ndiyo maana Festy alimkatia Sabina mboji yake ya moto kila kiangazi, na kila kiangazi alikataa malipo, na Sabina hakuuliza kwa nini.

"Sabina, mimi sikujua kwamba anasema hivyo. Nakuapia."

"Sikuja kugombana. Nimekuja kukata tiketi. Jumamosi kuna nafasi?"

"Tiketi ya nini, jamani?"

"Ya kutembezwa. Nimeishi hapa maisha yangu yote, sijawahi kutembezwa." Akatoa noti zilizokunjwa, akaziweka juu ya simu. "Tisini na tano. Nimesoma bei pale ubavuni mwa gari."

"Ondoa hela zako, Sabina. Wewe ulipe!"

"Mbona wenzangu wanalipa? Au mie sifai kuhurumia?"

Wakati huo huo Festy akaingia na gambuti zake zenye matope. Alimwona Sabina, akaona noti mezani, akaona picha ya mwanawe imeganda kwenye kioo cha simu, kofia kifuani. Akavua kofia yake mwenyewe. Akaivaa tena. Akatoka nje, na baadaye Bairbre alimsikia zizini akimsemesha ng'ombe.

*

Ruairí alikuja Alhamisi kuchukua mashuka yake aliyofuliwa na mama. Alikuwa na miaka thelathini na moja, alikuwa ameuza bima Dublin na bima ikamshinda, akarudi nyumbani kuuza alichokikuta. Bairbre alimkalisha akamweleza, maneno machache, bila kumtazama machoni.

Kijana akauliza, "Nani anajua?"

"Wote."

"Wote kina nani?"

"Padri, mwalimu, mwenye baa, na mbwa wa mwenye baa."

"Na mimi?"

"Hukuuliza. Uliona gofu, ukaona nyasi, ukaona pesa."

"Aa, mama, hapo sikubali!" Ruairí akasimama. "Tangu nizaliwe lile shamba mnaliita Kwa Onóra. Shamba letu, jina lake, mie nifikirie nini? Nimewauliza nikiwa mdogo Onóra ni nani, baba akasema nikafunge kuku. Mlinipa nusu ya hadithi, nikajaza nusu."

Pigo hilo lilimpata Bairbre sawasawa, kwa kuwa lilikuwa la haki. Alikunja shuka ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa.

"Basi sasa unayo yote," akasema. "Jumamosi sema kweli."

"Nisemeje? Mabibi na mabwana, aliyeshika mtaimbo ndiye babu yangu, karibuni mkate? Mama, hawa watu wanavuka bahari ili walie. Hawavuki bahari ili waone haya. Tena Jumamosi hii kuna mwandishi wa gazeti la safari. Akiandika vizuri nimefika."

"Umefika wapi?"

Ruairí alizichukua zile noti akaenda kumrudishia Sabina mwenyewe, akarudi nazo vilevile, masikio yamemwiva. Sabina alikuwa amemwambia tiketi ni tiketi, na akamuuliza kama chakula cha mchana kimo.

*

Jumamosi Festy aliamka kabla ya chai, akaiacha ile sweta kitandani imekaa kama mtu, akaenda zake kinamasini. Ruairí akawaambia wageni kwamba baba ni mgonjwa, na wageni wakasikitika kwa kuwa picha ya baba walikuwa wameiona kwenye tangazo.

Wageni walikuwa saba, na Sabina wa nane. Alivaa koti lake la kanisani na kukaa kiti cha mbele, mkoba magotini, mkanda umefungwa. Bairbre alipanda pia, safari hii ya kwanza, na kikapu cha mkate. Alimwambia mwanawe kwamba amekuja kugawa mkate. Wote wawili walijua kwamba mkate ungeweza kugawika wenyewe.

Walisimama kwanza kwenye jiwe refu lililosimikwa mpakani mwa malisho.

"Waselti, mababu zetu wa kale, waliamini mawe haya yana uhai," akasema Ruairí. "Wekeni kiganja. Wengine huhisi joto."

Wakapanga foleni. Daktari wa meno mstaafu kutoka Ohio aliweka kiganja, akaguna, akamwita mkewe. Dada wawili wa Kijerumani waliegemeza vipaji vya nyuso. Jiwe lile Festy alilisimika kwa trekta mwaka aliozaliwa Ruairí, ili ng'ombe wapate pa kujikunia. Zamu ya Sabina ilipofika naye aliweka kiganja, akafikiri.

"Kweli lina joto," akasema. "Ng'ombe katoka sasa hivi."

Wageni wakacheka, wakapenda. Mwandishi wa gazeti, mwanamke kijana mwenye daftari jekundu, akaandika.

Kisha wakashuka Kwa Onóra. Palikuwa na kuta nne zinazofika kifuani, upupu umeota mahali palipokuwa jiko, na kondoo mmoja aliyekataa kuondoka. Ruairí alisimama mlangoni. Bairbre alimwona anamtazama Sabina, kisha yeye, na kwa muda wa pumzi mbili aliamini kwamba mtoto atazungumzia ugonjwa wa viazi tu, au meli, au hali ya hewa. Si lazima mtu aseme kweli yote. Wakati mwingine inatosha kufunga mdomo.

Ruairí akavua kofia, akaiweka kifuani.

"Humu ndani," akasema, "bibi mzaa babu wa babu yangu..."

Akaisema yote, na nyasi zake, na watoto wake. Sauti ilitetemeka pale pale. Mke wa daktari wa meno alichuma ua akaliweka kizingitini, ua la upupu, likamwasha, akavumilia. Daktari alimkumbatia Ruairí na kumpigapiga mgongoni kana kwamba maiti ametolewa asubuhi hiyo. Sabina alisimama na mkoba wake kama mtu anayengoja dirisha la posta lifunguliwe.

"Na wewe mama," daktari akamgeukia, macho yamemlowa, "wewe ni wa hapa hapa, sivyo? Watu wako nao walipatwa na hayo?"

"Muulize huyo mwenye kikapu," akasema Sabina. "Yeye anajua kuliko mie."

Nyuso zote zikamgeukia Bairbre. Alikuwa ameshika kisu cha mkate. Kiingereza chake kilikuwa cha shuleni, cha kujibia barua za serikali, na hakuwa amewahi kukitumia kwa jambo lililomuuma.

"Aliyekufa humu si wetu," akasema. "Ni wake yeye, huyu. Onóra Mulkerrin. Wetu sisi alikuwa pale juu." Akaonyesha kwa kisu mahali paa lilipokuwa, na wote wakatazama juu, wakaona mawingu. "Alikuwa akilibomoa. Shamba hili ndio mshahara wake. Tunalilima mpaka leo."

Ruairí alikuwa ameinamia viatu vyake. Upepo ukapita. Kondoo akakohoa. Bairbre akangoja, asijue anangoja nini: kelele, au jiwe, au ardhi ipasuke.

Mmoja wa wale dada wa Kijerumani akaanza kupiga makofi. Alianza polepole, akiwa hana hakika. Mwenzake akafuata, kisha wengine.

"Hilo sikulitarajia kabisa!" akasema daktari wa meno. "Nilijua kuna kitu kinakuja, ila si hicho. Mnafanya hivi kila Jumamosi?"

"Samahani mama," akasema mwandishi, kalamu juu, "hiyo sehemu ya paa, unaweza kuirudia? Na hapo uliponyoosha kisu."

"Ingieni garini," akasema Ruairí. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. "Mvua inakuja. Tafadhali. Garini."

Akawahesabu kwa haraka, akafunga mlango, akaondoka. Wanawake wawili walibaki malishoni na kikapu. Labda alikuwa na hasira, labda alisahau. Bairbre hakumuuliza siku ile wala baadaye.

*

Mvua ikaja kweli. Walipanda kuelekea kwa Sabina, Sabina mbele, Bairbre nyuma, na katika hizo hatua mia mbili Bairbre alikuwa akingoja. Tuseme ukweli: alikuwa akingoja ashukuriwe. Alikuwa amemwaibisha mwanawe mbele za watu kwa ajili ya jirani, na alijiona ametua mzigo. Walipofika mlangoni akaona aanze mwenyewe.

"Haya, nimesema, Sabina."

"Nimesikia. Na yule bwana wa meno naye kasikia, kafurahi." Sabina alikuwa akitafuta ufunguo mkobani. "Miaka thelathini na sita unakuja jikoni kwangu, Bairbre. Chai yangu umeinywa. Mama yangu ulimuosha nami alipokufa, wewe upande huu, mie upande ule, hakuna mtu mwingine chumbani. Hukuona pa kuanzia. Leo umewaambia watu wasioweza hata kutamka jina la kijiji."

Bairbre alihisi uso unamwaka chini ya maji ya mvua.

"Niliogopa."

"Nini?"

"Kwamba nikisema, utaniuliza."

"Ningekuuliza, ndiyo. Nakuuliza sasa."

Bairbre akaweka kikapu chini. Pale pale mlangoni, kwa lugha yao wenyewe, alianza upya, na safari hii hapakuwa na kisu wala mawingu ya kuonyesha. Alitaja jina la yule Lydon. Alitaja kwamba alikuja na wenzake wawili asubuhi, na kwamba aliwahi kukopa mbegu kwa Onóra mwaka uliotangulia. Sabina aliitikia kwa kichwa kila jambo, kwa kuwa yote aliyajua. Kisha Bairbre akafika mahali ambapo mama mkwe wake, alipokuwa akimsimulia, aliacha kukamua.

"Onóra alikuwa hajafa," akasema. "Watoto walikuwa wameshakwisha. Yeye alikuwa bado. Aliliita jina la yule Lydon kutoka ndani, na Lydon akaendelea kubomoa. Lydon aliyasema haya mwenyewe alipokuwa akikata roho."

Sabina alishika mwimo wa mlango. Ufunguo ulianguka, hakuna aliyeuokota.

"Sisi tuliambiwa alikuwa amekufa tayari," akasema. "Tuliambiwa hakuona."

"Nisamehe."

"Nyamaza kidogo."

Mvua iliwapiga wote wawili, maana kibaraza hakikuwa na upana. Hatimaye Sabina akasema kwamba wale watoto walikuwa na majina, na akayataja, moja moja, na umri wa kila mmoja, kama mtu anayepanga vikombe mezani. Mdogo alikuwa hajaanza kutembea. Bairbre aliyarudia kwa sauti ya chini, na Sabina akamsahihisha moja. Kisha akainama, akaokota ufunguo, akaingia ndani. Mlango aliufunga polepole. Hakusema karibu, hakusema kwaheri.

*

Jumapili mchana, nyama ikiwa mezani, Ruairí aliingia akiwa anang'aa.

"Mama! Yule mwandishi kanipigia. Na wakala wa Dublin naye kapiga. Daktari wa meno katupa nyota zote tano, sikilizeni alivyoandika: yule mama mwenye kisu ni mwigizaji wa kuzaliwa, uso wake ni wa kale." Akacheka. Hakuwa amelala, ilionekana. "Nilidhani umeniua, kumbe umeniokoa. Wanamtaka Lydon na wanamtaka Mulkerrin. Pande mbili! Maridhiano! Wanasema hakuna mwingine nchi nzima mwenye kitu kama hiki. Kila Jumamosi, wewe na Sabina, nawalipa euro arobaini kila mmoja. Na baba kama atakubali kupanda ukutani kidogo..."

Festy alisimama. Alichukua sahani yake, na uma, na chumvi, akatoka nazo nje kwenda kula zizini. Mlango wa nyuma ulifunguka ukafungika.

"Nimesema nini?" akauliza Ruairí.

Bairbre alimtazama mwanawe, macho yale mazuri ya upande wa kwao, meno yaliyonyooshwa kwa gharama, na akaona kwamba kweli hajui. "Kamuulize Sabina," akasema. "Nenda umweleze kama ulivyonieleza mimi."

Akaenda, karibu anakimbia. Bairbre alisimama dirishani na bakuli mkononi. Alimwona anapanda kilima, anajipangusa nywele, anabisha. Mlango ukafunguka, akaingia. Hakukaa hata muda wa kuchemka chai. Alirudi akitembea, mikono mifukoni, akaingia jikoni akaketi mahali pa baba yake.

"Kasema nini?"

"Kanikaribisha vizuri tu. Kanipa kiti. Nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho." Ruairí alikwaruza meza kwa ukucha. "Kisha akaniuliza wale watoto walikuwa wakiitwa nani."

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini? Nikasema sijui."

"Halafu?"

"Halafu akainuka akanifungulia mlango. Misimu miwili nimewasema wale watoto, mama. Kila Jumamosi. Wewe unayajua hayo majina?"

"Nayajua. Tangu jana."

"Niambie basi."

"Si yangu kuyatoa."

Ruairí alishusha pumzi kwa hasira, akachomoa simu mfukoni. Kidole gumba kikaanza kukimbia juu ya kioo: jina la kijiji, jina la ukoo, mwaka wa njaa. Bairbre akamwacha atafute kidogo. Kisha akafungua maji juu ya vyombo.

"Hawamo humo," akasema.